Vipuri vya Chombo cha Baba Mdogo

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu alikuja dukani kwangu na kitu alichokiviringisha ndani ya fulana. Duka langu lipo hapa Same mjini, nyuma ya stendi. Natengeneza vyerehani, na kwa kuwa mkono ukishazoea springi na meno hauchagui kazi, natengeneza pia kufuli, saa za ukutani na mashine za kusagia nyama. Kijana akaniamkia, akaifungua fulana yake juu ya meza.

"Shangazi, tumebomoa lile jiko la Babu kule juu, tukaikuta hii imening'inizwa kwenye boriti. Ni rili ya kuvulia. Inazunguka freshi, ila hailii. Nirekebishie basi, Jumamosi tunashuka bwawani na washkaji."

Nilikuwa nimeshaigeuza na kuona mguu wake uliochongwa kwa bati la sufuria, na bati lile nililikata mimi nikiwa na miaka kumi na moja. Nikamwambia arudi Ijumaa. Alipotoka nilifunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo majirani zangu hapa stendi wataniuliza mpaka nizeeke.

Kwa asiyeijua rili, ni kigurudumu cha kukunjia mshipi wa kuvulia, kinafungwa kwenye ufito, kina mpini wa kuzungushia. Ndani mna kijino kidogo kinachosukumwa na springi kwenye meno ya gurudumu. Samaki akivuta mshipi, kile kijino kinaruka jino hadi jino na chombo kinalia, trrr. Kwetu nyumbani hatukuiita rili. Tuliita chombo, chombo cha baba mdogo.

Nililelewa na babu na bibi wazaa baba, juu milimani, upande wa mashariki wa Upare Kusini, ambako ukichimba unapata tangawizi na ukitazama chini unaona tambarare yote hadi bwawa la Kalemawe. Nyumba ilinuka tangawizi iliyoanikwa darini, na moshi, na makande yaliyoachwa yachemke taratibu tangu alfajiri. Asubuhi tulisikia watu wakienda kufungua ndiva, lile bwawa dogo la udongo la ukoo, ambalo hujaa usiku na maji yake hugawiwa kwa zamu mchana. Kila mama alijua mfereji wa nani unapita wapi, na ole wake aliyeiba zamu ya mwenzake. Nasema haya ili ujue ilikuwa nyumba ya kawaida, ya watu wenye akili zao, Walutheri wasiokosa ibada ya Jumapili. Maana hayo mengine huenda ukanicheka.

Baba mdogo sikumjua. Nilipozaliwa alikuwa ameshapotea mwaka mzima. Alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mpima ardhi, na mzungu huyo alipoondoka alimwachia ufito na chombo chake. Asubuhi moja baba mdogo akaingia bwawani na mtumbwi wa kuazima. Saa sita mchana mtumbwi ukaonekana unaelea peke yake karibu na miti mikavu iliyosimama majini. Ufito ulikuwa umefungwa kwenye ubao wa kukalia, mshipi wote umetoka, umezama, na umekaza. Wanaume watatu waliuvuta, haukuja. Ikabidi waukate. Walimtafuta siku tisa wakapata kofia.

Kwetu mtu aliyekufa asionekane huzikwa mgomba. Hukatwa mgomba mmoja wenye afya, huoshwa, huvikwa sanda na kulazwa kaburini kama mwenyewe. Na wa kuukata ni baba mzazi kama yu hai, hakuna wa kumshikia panga. Bibi alitaka hivyo tangu mwanzo. Alikuwa amekwisha kuchagua mahali, chini ya nyumba, karibu na ukingo wa migomba, na upande wa kulia aliacha nafasi yake yeye. Babu akakataa. Wazee wa ukoo walipomkalia kikao, akaapa mbele yao: "Siku chombo cha mwanangu kitakapokufa, siku hiyo nitakata mgomba."

Wazee wakakubali haraka. Waliona kile chombo kimechakaa, wakafikiri kitamaliza masika na kuishia hapo. Kosa lao ni kusahau kwamba aliyeapa ni Mpare. Nchi nzima inatutania, na wala hawakosei. Sufuria yetu ikitoboka tunaiziba, na kiraka kikitoboka tunaziba kiraka. Ukimruhusu Mpare aape kwa uhai wa chombo, umempa chombo hicho uhai usiokoma.

Kwanza kiliisha kishikio cha mpini, Babu akachonga kingine kwa mti wa mpera. Ikafuata springi, akaweka ya kalamu ya wino. Kijino kikalika, akatengeneza kingine kwa ufunguo wa kufuli iliyokufa. Macho yake yakaanza kufifia, na hapo ndipo mimi nilipoingia kazini. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba na nilikuwa mbishi wa kutosha kukaa na skrubu moja hadi ikubali. Nilibadilisha bamba la kulia, kisha la kushoto, kisha mguu. Gurudumu lenyewe la kukunjia mshipi lilipopasuka, Babu alinichongea la mti na mimi nikalipigilia pete ya meno niliyoikata usiku na mchana kwa tupa ya pembetatu. Ufundi wote unaonilisha leo nilijifunza kwenye chombo kile. Nilijivuna sana, na sikuwaza hata siku moja kwamba kila ninapokiponya ninamwahirishia Bibi kaburi la mwanawe.

Jambo moja lilinisumbua hata wakati ule. Kila kipuri kipya kililika mahali palepale kilipolika cha zamani. Springi ilikatika kwenye pindo la tatu. Kishikio cha mpera kikaingia shimo upande wa kushoto, na Babu alikuwa anatumia mkono wa kulia. Leo ni fundi, najua kwamba mashine yenye kasoro moja hula vipuri vyake kwa namna ileile. Najua hivyo. Lakini nilipomwonyesha Bibi lile shimo la kishikio alilitia kidole gumba, akakitoa haraka, akasema, "Baba yako mdogo alikuwa wa mashoto." Tangu siku hiyo sikupenda kukishika chombo kikiwa hakijafunguliwa.

Kila Jumamosi tulishuka bwawani, mimi na Babu. Tuliondoka giza halijatoka, tukafika jua likiwa utosini, na kurudi tulidandia gari la tangawizi lililopanda tupu. Kwa nini saa ile ya joto, nilimuuliza mara moja. Akajibu kwamba ndiyo saa mtumbwi ulipoonekana. Ng'ambo kulikuwa na wavuvi wenye nyavu, lakini mchana ule walikuwa wamelala vivulini, na upande wetu hakukuwa na mtu. Hakukuwa na upepo. Ile miti mikavu ilisimama ndani ya maji na vivuli vyake, na sikuwahi kuona ndege ametua juu yake, ingawa vichakani walikuwa wamejaa tele.

Babu hakuwa akivua. Alitia chambo, akatupa ndoana kwenye miti ile, akaketi, akaanza kutoa habari za nyumbani, taratibu, kama mtu anayemsomea mwingine barua.

"Mama yako hajambo, ila miguu. Mfereji ulibomoka juu kwa mwalimu, tumekwenda watu kumi tumeuziba. Ng'ombe amezaa, jike."

Kisha mshipi ukaanza kwenda. Haukuvutwa kwa nguvu, haukushtuka kama samaki anapopiga, ulikwenda tu, na chombo kikalia jino moja moja. Trr. Trr. Babu aliinamisha sikio hadi likagusa bamba, akatabasamu. "Ameitikia," alisema. Tuliporudisha mshipi, chambo hakipo na ndoana safi, wala hapakuwa na utelezi wala magamba. Mshipi wenyewe ulikuwa baridi kiganjani katika jua lile la kukaangia mayai.

Wakati mwingine aliuliza swali. Tuuze shamba la chini? Kimya. Tusiuze? Trr. Na shamba halikuuzwa. Nilikuwa naogopa, sikufichi, tangu tulipoanza kuteremka. Lakini nilimpenda Babu akiwa pale kuliko mahali pengine popote. Nyumbani alikuwa mzee mkimya anayelalamikia chumvi. Kule majini alikuwa baba wa mtu.

Bibi alikuwa na kopo la maziwa ya unga. Kila kipuri kilichotolewa, tangu kile cha kwanza cha Babu, alikiomba, akakifuta kwa upande wa kanga na kukitia koponi. Nilidhani ni tabia yetu tu ya kutotupa kitu. Siku moja tulikuwa tunachambua maharage ya makande, akaniuliza kama anauliza habari ya kuku, "Kwenye chombo kile, kimebaki kipi cha mwenyewe?"

Nikafikiri. "Ekseli, Bibi. Kile chuma cha katikati. Vingine vyote tumeshabadili."

"Nacho kitaisha lini?"

Nikajibu kwa majivuno ya kifundi, "Hicho hakiishi. Chuma cha pua kile, kitatushinda wote."

Bibi aliacha kuchambua. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu Pasaka, na tayari alikuwa anakwenda kanisani kwa kushikwa mkono. "Basi mimi nitaisha kwanza," alisema. "Mtanilaza pale na nafasi ya mwanangu iko wazi, sijui yuko wapi, sijui amelala na nani. Mwanamke hawezi kwenda kulala na mlango haujafungwa, mtoto yuko nje." Hakulia. Akaendelea kuchambua maharage, na mimi nikaendelea, ila sikuona tena lipi bovu wala lipi zima.

Jumatano Babu alikwenda ndivani, zamu yetu ya maji. Nikakishusha chombo, nikakifungua mezani, nikatoa mshipi, gurudumu, springi na kijino, nikavipanga kando. Ekseli nikaibana kwenye jiriwa ya Babu. Ilikuwa inang'aa, nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho, na haikuwa na alama ya kulika hata kidogo. Nikachukua tupa. Nilikuwa nimesugua labda mara ishirini niliposikia nyuma yangu, trr, jino moja.

Niligeuka. Kijino kilikuwa mezani peke yake, springi peke yake, na gurudumu lilikuwa mbali navyo, sentimita kama thelathini. Hapakuwa na kitu cha kulia. Niliita, "Bibi?" Bibi alikuwa uani, nilimsikia akiswaga kuku. Nikasema kwa sauti, namwambia nani sijui, "Ni kwa ajili ya Bibi." Kisha nikaendelea kusugua, machozi yakinidondokea kwenye jiriwa, hadi ikabaki kama nusu ya unene wake. Nikafunika kwa grisi, nikakiunga chombo na kukirudisha msumarini.

Jumamosi ile Babu alikuwa katikati ya habari. "Mama yako miguu imevimba sana," alisema, "sijui kama tutamaliza naye mwaka." Mshipi ukaondoka. Safari hii haukwenda pole. Chombo kilipiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia, Babu akasimama, na ekseli ikakatika. Gurudumu likampiga mapajani, likaruka chini, likaendelea kuzunguka mchangani huku mshipi unatoka, unatoka, hadi mwisho wake ukachomoka na kuteleza majini bila kutikisa maji. Babu aliutazama mahali ulipoingilia. Hakunitazama mimi. Tulipanda mlima, na usiku huohuo, kwa mazoea tu, niliweka msumari wa inchi sita mahali pa ekseli.

Bibi akaitisha wazee. Jumatatu walikaa uani kwetu watano, na dengelua wakaikataa mpaka shauri liishe, maana shauri kwa Mpare ni tamu kuliko pombe. Bibi alikuja na ungo. Akamimina kopo lake juu ya ungo ule na kupanga vipuri kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake, kishikio, springi, kijino, mabamba mawili, mguu, gurudumu lililopasuka. Hakuwahi kufungua chombo maishani mwake, na hakukosea hata kimoja. Katikati akaweka ekseli, vipande viwili.

"Mume wangu aliapa," akasema. "Chombo cha mwanangu hiki hapa. Kimekufa chote. Kile kinachoning'inia ndani ni cha mjukuu wangu, alikitengeneza mwenyewe, mwulizeni."

Wazee walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu hoja ilikuwa nzito. Mkubwa wao akainama juu ya ungo, macho yake hayakuwa mazuri, akauliza, "Kimekufa, au kimeuawa? Maana mwenzetu aliapa kwa kufa."

Babu akanyoosha mkono, akachukua kipande cha ekseli, akakipitisha kidole gumba mahali kilipokatika. Fundi hahitaji macho. Nusu moja ilikuwa imemeguka, chuma kimefanya chembechembe. Nusu ya pili ilikuwa laini, yenye mistari ya tupa, na mistari ile ilikuwa ya mkono wangu, yeye ndiye aliyenifundisha kuipiga ikilala upande mmoja. Akaninyanyulia macho. Alinitazama muda mrefu, kisha akamtazama Bibi, miguu yake iliyofungwa vitambaa, na uso wake uliokuwa unangoja.

"Kimekwisha chenyewe," alisema Babu.

Kesho yake alikata mgomba, panga moja. Tukauosha, tukauvika sanda, na Bibi akaliweka kopo la vipuri kifuani pake. Mchungaji alikubali kuomba, mradi asitakiwe kuutazama. Bibi aliimba kwa sauti ambayo sikujua anayo. Aliishi miezi minne zaidi, akitembea, akicheka, akiwakaripia wanaoiba zamu ya maji, na alipofariki tulimlaza upande wa kulia, pale alipopataka.

Baada ya mgomba kuzikwa, Babu alinichukua bwawani mara moja tu. Alikuwa na mshipi mpya na kile chombo chenye msumari. Akatupa ndoana palepale, akaketi. Hakutoa habari yoyote. Nadhani alitaka kusikia kimya, ahakikishe. Tulikaa muda mrefu hadi nikaanza kupata nafuu moyoni. Kisha mshipi ukaondoka, taratibu, kama zamani. Trr. Trr.

Babu hakuinamisha sikio. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta mgeni anakula. "Mwanangu nimemzika," alisema, hakuniambia mimi. Chombo kikalia tena, jino moja. Babu akatoa kisu na kukata mshipi, akanishika mkono, na tukaondoka bila kugeuka nyuma. Tulipofika kwenye kivuli cha kwanza cha mlima ndipo alipozungumza. "Miaka yote ile," akasema, "sijui nilikuwa nampa nani habari za nyumba yangu."

Hakushuka tena. Alikitoa kijino na springi, akakitundika chombo jikoni, akazeeka haraka, akawa yule mzee wa chumvi siku zote za juma. Sasa naye hayupo. Darini hakuna tangawizi, ndiva imeota majani, na watu wanasema bwawa limerudi nyuma, miti ile sasa imesimama kwenye matete. Makaburi ni matatu. Nimekwenda, nimepalilia, nimesema sala zangu. Bibi tulimpa mwanawe, na Babu tukamnyang'anya. Mimi ndiye niliyeshika tupa. Nimejitetea mbele ya wazee wote watano kichwani mwangu, na kila mara ninashinda, na haijanisaidia. Ninachokikosa, kama utaniuliza, ni ile sauti yake akisema ng'ombe amezaa, jike. Sijamsikia mtu mwingine akimwambia mwenzake jambo dogo kwa upendo namna ile, na kama upande wa pili palikuwa na kitu kibaya kikisikiliza, basi kilisikia mambo mazuri miaka kumi na miwili.

Ijumaa kijana alirudi. Nilikuwa nimekiosha chombo, nimekitia mafuta, nimebadilisha msumari kwa ekseli ya kweli. Akazungusha mpini, kikazunguka bila sauti.

"Shangazi, mbona bado hailii?"

"Kile kijino hakipatikani siku hizi," nikamwambia. "Nimetafuta mpaka nimechoka."

Akashukuru, akaenda. Kijino nilikuwa nimekitengeneza tangu Jumanne. Kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu, na nilikishikilia kwa vidole viwili hadi mgongo wake ulipopotea kwenye mabasi.